Mwaka Mtaa Wetu Ulipofungwa Kamba

Mume wangu hakuwa mtu wa kutembea. Sisemi hivi kumsengenya, maana mwenyewe alikuwa akijisifia. Alikuwa na pikapu nyeupe aliyoinunua baada ya kuhangaika misimu mingi na biashara ya maharage, na tangu siku aliyokabidhiwa ufunguo, miguu yake ilibaki na kazi ya mafuta na breki tu. Kutoka nyumbani kwetu hadi dukani kwangu, hapa Kasulu mjini, mtu mwenye pumzi akiita anasikika. Yeye alikwenda na gari. Msikitini alikwenda na gari. Hata akienda kumpa pole jirani aliyefiwa alikwenda na gari, na akaliegesha karibu na turubai la msiba hadi watu wakalazimika kusogeza viti.

Mimi nauza vitenge. Baba yangu alihamia huku kutoka Tanga akifuata biashara, mimi nikazaliwa hapahapa, nikakua na Kiswahili cha pwani ndani ya nyumba na Kiha nje ya uzio. Mume wangu ni Muha wa Kitahana, kule Kibondo. Tulipochumbiana, shangazi zangu wa Tanga walipiga simu kuuliza kama hiyo Kibondo iko kabla ya Kasulu au baada yake. Nikawaambia inategemea mtu anatokea wapi. Wakasema basi, Mungu awe nami.

Zamani, siku ya gulio, mtaa wa soko ulijaa watu na baiskeli. Baiskeli ziliingia na mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, madumu ya mawese, na wenyewe wakizisukuma kwa mkono mmoja huku wanapiga soga. Lami ilipofika, mambo yakabadilika. Magari yaliyokuwa yakiogopa vumbi na matope sasa yalikuja yenyewe bila kuitwa. Fuso za maharage, Noah za abiria, magari marefu ya mashirika yanayokwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, bajaji, na bodaboda zisizohesabika. Kila dereva alitaka kusimama mlangoni pa duka analolitaka. Wa kwanza akisimama, wa pili anamzunguka, wa tatu anakutana uso kwa uso na anayetoka, na hakuna anayerudi nyuma kwa sababu nyuma yake kuna wengine. Basi mtaa unaganda, honi zinapigwa, na sisi wenye maduka tunakaa milangoni kama watu wanaotazama mafuriko.

Nina mteja wangu, mama mmoja Mkongomani anayeishi kambini Nyarugusu. Kila anapopata kibali cha kutoka, huja kwangu, kwa sababu anasema mimi sibishani naye kuhusu rangi. Siku moja ya gulio nilimwona amesimama upande wa pili wa barabara, mkoba umebanwa kwapani. Katikati yetu kulikuwa na Fuso iliyokatisha njia, pikapu mbili zilizogusana, na mkokoteni wa mihogo.

"Mama!" aliniita. "Niko nakuona, lakini namna ya kupita hakuna!"

"Zunguka kwa nyuma!"

"Nyuma nako wameziba!"

Nikaanza kumwonyesha vitenge kutoka mlangoni. Nakikunjua kimoja, nakiinua juu ya kichwa, yeye anatikisa kichwa. Nainua kingine, anatikisa tena. Utingo wa Fuso, aliyekuwa amekaa juu ya magunia, akaanza kutoa ushauri. "Mama, chukua hicho cha kijani!" Mteja wangu alicheka, mimi nikacheka, lakini saa yake ya kurudi kambini ilifika na akaondoka bila kununua kitu. Pikapu moja kati ya zile mbili zilizogusana ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa amekuja kuniletea chai.

Wakati huo tulikuwa na mpangaji katika chumba cha uani. Alikuwa binti kutoka Mbeya, mwajiriwa mpya wa idara ya mipango miji, mrembo, mwenye miwani, asiyejua kupika ugali wa muhogo lakini anaupenda. Mume wangu alikuwa na utani wake juu yake; kila mgeni alipokuja alimtambulisha: "Huyu ni mpangaji mara mbili. Nyumba yangu amepanga, na mji wetu anataka kuupanga." Binti alimwita Baba, akaniita Mama, na jioni alikuwa akila nasi kwa sababu, kama alivyosema, mtu hawezi kupanga mji akiwa na njaa.

Jioni ya siku ile ya vitenge nilimsimulia mkasa mzima. Akaweka tonge chini.

"Mama, kuna miji mikubwa duniani iliyoshindwa na foleni kama nyie," alisema. "Wakaamua kwamba anayeingia na gari katikati ya mji saa za msongamano alipe. Mwenye miguu hatozwi, wa baiskeli hatozwi. Sisi tunaweza kujaribu mtaa mmoja tu, siku ya gulio tu."

Mume wangu aliacha kutafuna. "Nilipe kwenda dukani kwa mke wangu?"

"Ukienda na gari, Baba."

"Na hizo hela mtazifanyia nini?"

"Mfereji wa pale sokoni utajengewa. Lakini shabaha si hela. Tukipata hela nyingi, maana yake magari bado ni mengi, tumeshindwa. Tukipata kidogo, tumefaulu."

Mume wangu alinigeukia. "Umesikia biashara hii, mama watoto? Unafungua duka, unaomba Mungu wateja wasije."

Tulicheka wote watatu, lakini yeye alicheka kwa shingo upande. Niliona jinsi alivyonawa mikono haraka, akatoka nje, akaenda kupangusa kioo cha gari ambacho hakikuwa kichafu.

Maneno yale yakatoka uani kwetu yakafika kwa wakubwa wa binti, kisha kwa kamati ya soko, na baada ya wiki kadhaa mkutano ukaitishwa bandani, pale wanapouzia dagaa na migebuka. Watu walijaa. Mwenye duka la saruji alipinga. Madereva wa Noah walipinga. Mume wangu aliposimama, alipigiwa makofi kabla hajafungua mdomo, maana anajulikana.

"Barabara ni kama mvua," alisema. "Imeletwa kwa wote. Nani amewahi kulipia mvua? Mimi naapa hapa, mbele yenu, sitatoa hata senti moja kupita mtaa wa mji wangu!"

Banda lilitetemeka kwa shangwe. Binti wa watu alisimama pembeni ameshika karatasi zake, miwani inateleza. Ndipo mama mmoja muuza ndizi, aliyekuwa ameketi chini mbele kabisa, akanyoosha mkono.

"Baiskeli yangu nayo italipa?"

"Hapana, Mama. Baiskeli hailipi."

"Na mimi mwenyewe nikijibeba?"

"Wewe hulipi kabisa."

"Basi ninyi mnaopiga makofi," alisema akigeuka nyuma, "wenye magari ni wangapi humu? Simameni tuwaone."

Walisimama wachache, wakiangaliana. Waliobaki wameketi walianza kucheka, kicheko kikasambaa, na nikaona mume wangu amesimama peke yake katikati ya watu waliokaa, kama mtu aliyesahau alichofuata. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye duka anayetaka kusema. Sijui nini kilininyanyua. Nilisimulia habari ya mteja wangu na vitenge nilivyopeperusha kama bendera. Sikumtaja mume wangu, lakini sikuhitaji. Nikasema mimi naomba tujaribu.

Mikono ikahesabiwa. Ikakubaliwa majaribio ya msimu mmoja wa mavuno.

Tulirudi nyumbani na pikapu. Safari ile fupi sijawahi kuiona ndefu vile. Alipozima injini alisema, "Umenipinga hadharani."

"Nimepinga foleni," nilimjibu. "Wewe ulikuwa ndani yake tu."

Alichomoa ufunguo. Kisha nikasikia pua yake ikitoa ule mvumo wa mtu anayezuia kicheko, nikajua tutakula pamoja.

Gulio la kwanza la majaribio, mgambo wawili walifunga kamba ya manila kutoka nguzo moja hadi nyingine, mwanzo wa mtaa, wakaning'iniza vitambaa vyekundu ili ionekane. Mwenye gari akitaka kupita, analipa, anapewa risiti, kamba inashushwa. Ada yenyewe ilikuwa kama bei ya sahani ya wali na maharage kwa mama ntilie. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kushusha alfajiri, kabla kamba haijafungwa. Watu wakaacha kuita mtaa wetu kwa jina lake, wakaanza kusema "tukutane Kambani."

Mume wangu alitimiza kiapo chake. Aliegesha pikapu kwenye uwanja wa mpira, akabeba robota langu la vitenge begani, akaanza kutembea. Mimi nilitangulia kufungua duka. Nikasubiri. Nikapanga rafu. Nikauza khanga za jana. Robota halikuonekana. Nilipoanza kuwaza labda ameanguka, nikamwona anatokea, jasho linamtiririka, na nyuma yake wanaume watatu wanaongea kwa pamoja.

"Umechelewa," nilimwambia.

"Watu," alisema akitua robota. "Kumbe mtaa huu una watu!"

Anayewajua Waha ataelewa. Salamu kwetu si neno moja la kupita nalo. Ukishasema "Mwakeye" unaulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya mashamba, ya wazazi, na wewe unatakiwa kuuliza vilevile. Miaka yote ile alikuwa akipita kwenye gari na kupunga mkono. Sasa kwa miguu, ilibidi asimame. Alikuwa amemkuta fundi cherehani aliyesoma naye darasa moja Kitahana, aliyekuwa akishonea kwenye baraza ya duka la nne kutoka kwangu kwa muda mrefu sana, bila wao kujuana. Mume wangu alinisimulia habari hiyo kwa mshangao kana kwamba mwenzake ametoka ughaibuni.

Gulio la pili alichelewa zaidi. La tatu nilimtuma mchukuzi wa toroli alete robota, yeye nikamwacha aje kwa wakati wake. Alikuwa amegundua muuza kahawa aliyekaa kati ya duka la redio na kinyozi, na wale wanaume watatu walikuwa wameshamtengea kigoda. Nikimuuliza kuhusu kamba, alijibu, "Dhuluma tupu." Kisha anaaga, anakwenda zake kutembea.

Katikati ya msimu, macho ya mama mkwe yalizidi kuwa na ukungu, tukaamua kumleta Kasulu, kwani daktari wa macho alikuwa anakuja kwa siku chache. Tulikwenda wote wawili Kitahana, tukalala, na asubuhi tukaondoka naye. Tulikaa watatu mbele, yeye dirishani, amevaa kitenge nilichompa mwenyewe na kiremba kilichosimama kama taji. Njia nzima alitueleza mashamba tunayoyapita, yapi ni ya nani na nani aliiba mpaka wa nani, ingawa alidai haoni. Tukapita njia panda ya Nduta, tukashuka mabonde, tukapanda. Ilikuwa siku ya gulio. Kwanza alitaka kuona duka langu, kisha ndiyo daktari.

Tukafika kambani. Mume wangu akasimamisha gari.

"Tumefika?" mama mkwe aliuliza.

"Tumefika, Mama. Hapa tunashuka, tunatembea kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Mume wangu akanyoosha kidole. Mama akakodoa macho kuelekea alikoonyeshwa.

"Macho yangu ni mabovu, mwanangu, lakini hata mimi naona kwamba hapo si kidogo. Na magoti haya nani atayabeba?"

Mgambo alisogea, akamsalimia kwa heshima. Mama akamuuliza ile kamba ni ya nini. Akaelezwa.

"Kwa hiyo akilipa huyu mwanangu, tunapita?"

"Mnapita, Bibi."

"Na humo ndani magari mengine hayapo?"

"Machache sana siku hizi."

Mama mkwe akajinyoosha kitini, akaweka sawa kiremba. "Lipa," alimwambia mwanawe.

"Mama, mimi niliapa…"

"Uliapa mbele ya nani?"

"Mbele ya mkutano."

"Mimi nilikuwepo?"

"Hukuwepo."

"Basi kiapo hicho hakinijui. Lipa, nami nipite mjini kama mkuu wa mkoa."

Nilitazama nje upande wa pili, nimeuma midomo. Mume wangu alipekua mfuko wa shati polepole kama mtu anayetafuta mwiba. Alipotoa noti, mgambo, aliyekuwapo mkutanoni siku ile, akaipokea kwa mikono miwili. Mtu akaona. Akamwambia mwenzake. Kamba iliposhuka, vigelegele vilipaa kutoka kwenye meza za nyanya, na yule mama muuza ndizi akapaza sauti, "Karibu kwenye mvua!"

Tukaingia. Mama alishusha kioo chake hadi mwisho, akatoa mkono nje. Barabara ilikuwa wazi mbele yetu, watu wakitembea katikati kwa raha zao, na yeye akataka twende taratibu. Kila aliyemsalimia alimjibu kikamilifu. Kwa fundi cherehani alitaka gari lisimame, akamuuliza habari za ukoo wake wote, waliokufa na waliobaki. Kwa muuza kahawa tukasimama tena, akaonja, akasema haina tangawizi ya kutosha. Nyuma yetu gari la shirika moja, lililokuwa limelipa kihalali, lilipiga honi kwa adabu. Kisha bajaji. Kisha lori dogo la soda. Nilitoa kichwa nikaangalia nyuma, nikaona kwamba foleni pekee mtaani siku hiyo ilikuwa yetu.

"Wanataka nini hao?" mama aliuliza.

"Wanataka kupita, Mama."

"Si wasalimie kwanza."

Hadi leo sijui kama mume wangu alikuwa na aibu au fahari zaidi. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi, lakini alikuwa anatabasamu hadi magego yanaonekana. Daktari alimpima mama, akampa miwani na dawa ya matone, na akasema jicho moja litahitaji kusafishwa baadaye. Lilisafishwa, na anaona.

Jioni ile tulikuwa wote uani, tunakula. Mama mkwe alikuwa amemkazia macho binti wa mipango kwa miwani yake mipya.

"Wewe ndiye mwenye kamba?"

"Ndiyo, Bibi," binti alijibu kwa hofu.

"Umefanya vizuri. Nimepita vizuri. Lakini pale nilipokaa niliona mzee mwenye fimbo anatembea kutoka mbali, na mwanamke mwenye mimba kubwa. Mimi nina mwana wa kunilipia, tena nimemlazimisha. Wao je?"

Binti hakujitetea. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amefikiria magari, malori, baiskeli na mfereji, lakini magoti yalimpita. Gulio lililofuata kukatolewa tangazo kwa kipaza sauti: gari au bajaji iliyobeba mgonjwa, mjamzito au mzee asiyejiweza, kamba inashushwa bila malipo. Bila shaka wakajitokeza vijana wa kuchechemea ghafla, lakini mgambo aliwafahamu kwa majina na akawauliza wameanza lini kuugua.

Sitasema kila mtu alifurahi. Mwenye duka la saruji alilalamika sana, na alikuwa na haki, kwa sababu mtu habebi mfuko wa saruji akiuchezesha. Mwishowe alifungua stoo karibu na uwanja wa mpira, na mtaani akabakiza misumari na rangi. Madereva wa Noah walihamia pale pale, wakaanza kugombana wao kwa wao. Mimi biashara ilinikubali. Watu wakitembea wanasimama, wakisimama wanashika kitambaa, na wakishashika, sehemu iliyobaki ni yangu. Yule mama wa Nyarugusu alikuja akavuka barabara kama malkia, akachagua kitenge cha kijani.

Msimu ulipoisha, tukarudi bandani kuamua. Mume wangu akasimama, watu wakanyamaza.

"Mimi bado napinga," alisema. "Barabara ni ya wote, na sijabadilisha neno." Akakohoa. "Lakini kamba ibaki."

"Unapinga au unaunga mkono?" mwenyekiti aliuliza.

"Napinga. Andika kwamba napinga. Na ibaki."

Ikabaki. Mfereji nao ulijengewa, ingawa si wote, kwa kuwa kama alivyoahidi binti, hela zilikuwa chache.

Mwaka uliofuata binti alihamishiwa Dar es Salaam. Siku ya kuondoka, wanawake wa mtaani tulimpikia wali na kuku, tukamfunga kitenge juu ya kitenge hadi akashindwa kukaa, tukamchezesha ngoma ya Kiha ambayo mabega yake ya Mbeya hayakuiweza kabisa. Mama mkwe alituma asali kutoka Kitahana kwenye dumu la lita tano. Asubuhi tulimsindikiza stendi, mume wangu akabeba begi lake na dumu, na basi lilipoanza kutoka, binti alifungua dirisha akalia bila kuficha, miwani mkononi. Mimi nilijikaza mpaka basi likapinda kona. Kisha nikafuta machozi kwa ncha ya khanga, nikaenda kufungua duka, maana wateja walikuwa wameshafika.